Jioni Tatu za Babu Eliakimu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, mjukuu wangu Irine alikuwa akivua sare, anakata majani ya ng'ombe kwenye kingo za shamba, kisha ananawa mikono kwa sabuni na kuingia chumbani kwa babu yake. Alimwekea kipimajoto kwapani, akasubiri kilie, akasoma namba na kuiandika kwenye daftari la kijani. Asubuhi kabla ya shule alifanya hivyo hivyo. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, hapa kwetu Bombo, milimani.

Mzee wangu, Eliakimu, alikuwa na saratani. Alitibiwa katika hospitali kubwa mjini, na huko alikubali kuingia katika utafiti wa Daktari Honorata. Daktari huyu ni mtoto wa milima hii hii. Alisoma kwa shida, akaenda nchi za mbali, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichunguza seli, vile vipande vidogo mno vinavyojenga mwili, akitafuta kwa nini kinga ya mwili huiacha saratani ikakua.

Siku alipotuletea lile daftari, Irine alimwuliza, "Daktari, kwani kinga haiioni hiyo kansa?"

"Inaiona, mwanangu. Lakini mwizi akiwa mtoto wa nyumbani, mbwa habweki. Saratani imezaliwa ndani ya mwili wenyewe, basi mbwa wa babu wamelala tu. Sindano zangu ni za kuwaamsha. Wakianza kubweka, mara nyingi joto la mwili hupanda. Ndiyo maana nalitaka joto lake, asubuhi na jioni, bila kukosa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mbwa wangu ni wazee kama mimi," alisema. Alipotulia akaongeza, "Daktari, huenda mimi nimechelewa. Lakini atakayeugua baada yangu asianzie gizani. Andika, Irine. Andika yote."

Irine aliandika. Wiki zilipita, sindano ya kwanza, ya pili, hata ya tatu.

Siku iliyofuata sindano hiyo ya tatu, kwaya ya watoto ya usharika ilianza mazoezi ya mashindano, na mazoezi yalikuwa jioni. Eva, rafiki yake, alikuja kumwita.

"Twende bwana, mwalimu anafunga mlango!"

"Ngoja nimpime babu kwanza."

"Kila siku babu, kila siku kipimajoto! Umekuwa nesi? Haya, solo yako atapewa mwingine, shauri yako."

Irine akaenda. Aliporudi, babu yake alikuwa amelala. Siku hizo maumivu yalimnyima usingizi, na usingizi ulipomjia, nyumba nzima tulitembea kwa ncha za vidole. Mtoto akasimama mlangoni, akamhurumia, hakumwamsha. Kisha akafungua daftari. Nafasi ya jioni ile ilikuwa wazi.

Shuleni wamefundishwa tangu wadogo kwamba kwenye mtihani usiache nafasi wazi, bora ubahatishe. Irine akatazama namba ya jana, 36.7, akaandika 36.8. Kesho yake alikwenda tena kwaya, akamkuta babu amelala, akaandika 36.6. Jioni ya tatu vilevile. Baadaye mazoezi yakahamishiwa Jumamosi, naye akarudia kumpima babu yake kama kawaida. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Wiki sita baadaye, mzee wangu alifariki. Aliondoka asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu. Jirani yetu Zebedayo alifika kabla hata sijatuma mtu, akakata kuni mpaka jioni. Akina mama walileta maharage, ndizi na maji. Hawakuniuliza ninahitaji nini. Walileta tu.

Siku ya nne baada ya mazishi, Daktari Honorata alikuja. Gari aliliacha barabarani kwa sababu ya matope, akapanda kilima kwa miguu.

"Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Pole na njia."

Hakuanza na kazi. Aliketi nasi mkekani, akanywa chai, akatusimulia jinsi mzee alivyokuwa akiwatania manesi. Ndipo akaomba daftari, akalifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Irine, umefanya kazi ya mtu mzima," alisema. "Hakuna hata nafasi moja iliyo wazi."

Mara kidole chake kikasimama. "Mama, tazama hapa. Wagonjwa wangu wengine wote walipata homa jioni za mwanzo baada ya sindano ya tatu. Babu hakupata kabisa. Jioni tatu mfululizo! Labda mwili wake ulikuwa na jambo ambalo hatujawahi kuliona. Damu yake tumeihifadhi maabara. Nikirudi tu, naanza kulitafuta."

Uso wake uling'aa. Ilikuwa furaha ya kwanza kuingia katika nyumba ile tangu msiba.

Irine alikuwa amesimama ameshika chupa ya chai. Akaiweka chini.

"Daktari."

"Naam?"

"Usilitafute."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Halipo. Jioni hizo tatu sikumpima. Nilikwenda kwaya. Namba nilizitunga."

Daktari akafunga kalamu yake, na ile nuru ikatoka usoni mwake. Nilitaka kusema kwamba huyu ni mtoto tu, asamehewe. Lakini mdomo wangu ulikuwa na deni lake.

"Mimi pia nina kosa," nikasema. "Jioni ya pili nilikuwa napita mlangoni. Nilimwona anaandika, na kipimajoto kiko dirishani. Nikajiambia mtoto amechoka, na ile ni namba tu. Nikanyamaza."

Irine alinitazama. "Bibi, kama babu alikuwa na homa na mimi sikujua, basi mimi ndiye niliyemwua?"

Kumbe swali hilo alikuwa amelibeba peke yake tangu siku ya msiba, nami nikilala chumba kimoja naye.

Daktari Honorata akapiga magoti mbele yake. "Hapana. Nisikilize vizuri. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini kabla babu hajapata sindano ya kwanza. Mwenyewe alijua. Niambie, asubuhi za siku hizo ulimpima kweli?"

"Kweli kabisa. Babu alikuwa anaisoma namba yeye mwenyewe. Alikuwa anasema, 'Mbwa bado wamelala, andika hivyo hivyo.'"

"Basi kama homa ilikuja jioni, kufikia asubuhi ilikuwa imeshuka. Haikumwua, wala wewe hukumwua." Akamshika mikono. "Lakini kama mbwa wake walibweka jioni zile au hawakubweka, hatutajua kamwe. Sitakudanganya, Irine. Hiyo ni hasara, na hairudi."

Kisha akatusimulia jambo ambalo, alisema, hajawahi kuwaambia watu wa kwao. Alipokuwa mwanafunzi ughaibuni, Jumapili moja hakwenda maabara kuzilisha seli alizokuwa akizikuza kwenye vyombo, naye akaandika kwamba amezilisha. Mwenzake aliyaamini maandishi yale, akayafuata miezi minane, akipima na kupima jambo ambalo halikuwepo. "Nilipomwambia, nilidhani atanifukuza. Alinimiminia chai, akasema, 'Basi tuanze upya.' Ile chai sijaisahau mpaka leo."

Akafungua kalamu, akampa Irine. "Usifute. Piga mstari mmoja kupita katikati ya kila namba, ili mtu aweze kuona kilichokuwepo. Pembeni andika 'hakupimwa', kisha weka jina lako."

Irine akapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliandika 'hakupimwa' mara tatu, na jina lake.

"Na babu?" akauliza. "Alitaka daftari lake lisaidie watu. Sasa utalitupa?"

"Kama ungenyamaza, lingekuwa daftari la uongo lote, nami nisingejua. Sasa lina nafasi tatu tupu, na zilizobaki naziamini. Nitalitumia." Akalifunga kwa nailoni lisilowe, akalitia mkobani. "Mwezi ujao kuna mama wa Kihurio ataanza sindano hizi. Kipimo cha dawa yake nitakipanga nikisoma maandishi ya waliomtangulia, na babu yako yumo. Mgonjwa anayekuja nyuma anatembea juu ya yale tuliyoandika sisi, mwanangu. Ukisema 'sijui', utakuwa umemwonyesha palipo na shimo. Ukitunga, umelifunika kwa majani, naye atatumbukia. Na wewe, mama, ukimwona mtoto analifunika, usipite kimya."

"Nimesikia, mwanangu," nikasema.

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Gari lilipopotea kwenye kona, Irine hakugeuka kurudi nyumbani. Nikamshika bega. Tangu tulipomzika babu yake hakuwa ametoa hata chozi moja, nami nilikuwa nikidhani amejikaza. Sasa akalia, kwa sauti, palepale njiani, huku watu wakipita kutoka sokoni. Sikumnyamazisha. Nilitandika kanga yangu ukingoni mwa barabara, tukaketi, nikamwacha alie mpaka amalize.