Kibao cha Lindo la Tano

Jua lilikuwa likizama ng'ambo ya mto Rodani wakati Sabiniano, mwana wa Kaisari, alipokaa hemani kuandika neno la siri la usiku. Kila jioni aliliandika kwenye vibao vitano, kimoja kwa kila lindo. Walinzi wakishasoma, vibao hurudi kwake.

Leo aliandika vinne.

Lindo la tano lilibaki ng'ambo. Mchana, maadui Wavisigothi walipotokea, Sabiniano aliingiwa na woga akakata kamba za daraja la mashua, na watu arobaini wa lindo hilo bado wanakimbilia kuvuka. Mbele yao alikuwa mzee Ursikino, aliyemfundisha kupanda farasi. Vumbi lilikuwa jingi, hakuna mwingine aliyeona. Jeshi aliliambia, "Nilipokata, walikuwa wamekwisha kufa wote."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yake aliijua yeye na mto.

Giza lilipoanza kuingia, askari wake Mauro alirudi kutoka malindoni, amevikumbatia vibao kifuani.

"Bwana mdogo… vimerudi vitano."

"Acha utani, Mauro. Nilikupa vinne."

"Hesabu mwenyewe. Hiki nimekikuta hapa mlangoni."

Kibao kilikuwa kinachuruzika maji. Kilinuka tope… na damu. Neno la usiku lilikuwepo, kwa mwandiko wa Sabiniano mwenyewe. Chini yake mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya kisu:

Tulikuwa hai.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Wameandika nini?" Mauro alinong'ona. Hakujua kusoma. "Mdogo wangu alikuwa kule, bwana. Niambie tu, nipate la kumwambia mama."

Jamani, si angesema hapo hapo!

"Neno la siri," alijibu, macho chini. "Hakuna kingine."

Nje, nyuma ya turubai, mtu akakohoa. Kikohozi kile Sabiniano alikijua tangu utotoni. Kisha nyayo… chwa… chwa… chwa… za watu wengi waliolowa, zikilizunguka hema polepole.

"Umesikia, bwana?"

"Sijasikia kitu."

Kesho yake jioni alituma vibao vinne. Mauro akarudi na vitano, akaviweka mezani kimoja kimoja. Safari hii hakunong'ona.

"Leo nimepita kwa padri, bwana mdogo," alisema. "Amenisomea hiki cha tano."

Nje, nyayo zilizokuwa zikilizunguka tena hema zikasimama.