Kikapu Kilichotajiwa Jina

Mama mdogo wangu haamini mtu. Hilo mtaani kwetu hata watoto wanalijua. Ukimletea nyanya kutoka sokoni atazigeuza moja moja, ukimwambia umeshiba atakuuliza umekula wapi. Ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi karibu na kituo cha mabasi, na wateja humvumilia kwa sababu mkono wake hauna mpinzani. Ninayoyaeleza hapa amenisimulia yeye mwenyewe, isipokuwa ya mwishoni, ambayo niliyashuhudia mimi pia.

Kisiwani alipelekwa na kazi. Familia moja iliyokuwa na harusi katika hoteli ya huko ilimchukua akae na bibi harusi na kumrekebishia gauni pale pale. Kazi ikaisha salama, na kabla ya boti ya kurudi akabakiwa na asubuhi nzima ya kuzurura. Akaenda kutafuta zawadi. Binti yake, ambaye tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kufunga mdomo, alikuwa amemwagiza kitu cha huko huko. "Si takataka za kiwandani, mama," alimwambia.

Mtaa wa maduka ya zawadi ulikuwa mwembamba, milango imebanana, na kila mlango umetundikwa mikufu ya makombe, vinyago na vitambaa vilivyochapwa minazi na kasa. "Karibu mama, kuangalia bure," kila mtu anaimba. Mama mdogo akaangalia, tena bure kweli kweli. Kinyago alichoambiwa kimechongwa na babu wa muuzaji alikipindua, akakuta kibandiko cha kiwanda chini ya miguu. Duka la jirani, kinyago kile kile, babu mwingine.

"Mababu wa kule wote walichonga kwa mkono mmoja," aliniambia.

Mwisho wa mtaa, mahali ambapo hakuna aliyeita mtu, akamwona mwanamke wa rika lake ameketi kwenye kigoda mlangoni, anasuka kikapu cha ukindu. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hakusema karibu. Kikapu chenyewe kilikuwa kidogo, chenye mfuniko, cha zambarau iliyokolea ambayo ukiigeuza kivulini inakuwa nyeusi. Mama mdogo akakivuta, akakinusa, akachungulia ndani. Hakuona kasoro. Hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Cha nani?" mwanamke akauliza.

"Changu."

"Chako hapana. Mtu anayejinunulia huangalia nafasi ya ndani. Wewe umeangalia rangi. Unampelekea mtu."

"Na kama nampelekea?"

"Nitajie jina lake. Fundo la mwisho la mfuniko silifungi bila jina. Nikilifunga kimya, kitafumuka njiani."

Mama mdogo akamtazama vizuri. Mtu humjui, hakujui, anakuuliza jina la mwanao. Wewe utampa? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye alikuwa mgeni pale. Alitaka kuondoka. Lakini ile rangi ilikuwa imeshamshika, na kurudi kwenye wale mababu hakukuwa na maana. Akatafuta jina ambalo haliwezi kumdhuru mtu yeyote. Kwa nini asitunge tu, hadi leo hajui kunijibu. Anasema mdomo ulikwenda wenyewe.

Akataja jina la dada yake. Dada yake ndiye mama yangu. Na mama yangu tulimzika zamani, Chiriku akiwa bado ananyonya.

Mwanamke akainamia mfuniko. Akalitamka lile jina taratibu juu ya fundo, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto, kisha akakaza.

"Utampelekea, au atakuja kukichukua?"

Mama mdogo akadhani ni utani. "Atakuja mwenyewe. Si mvivu wa kutembea."

Mwanamke hakucheka. Alimkabidhi kikapu kwa mikono miwili.

"Basi akija, usimkawize."

Nyumbani Chiriku alikipenda. Akakiweka juu ya kabati la sebuleni, akatia hereni zake ndani. Asubuhi hereni zilikuwa mezani, zimepangwa mstari, kila moja na mwenzake. Kikapu kimefunikwa. Akazirudisha. Akarudi kutoka kuoga, akazikuta mezani tena.

Mama mdogo akaanza kazi yake ya kushuku. Akamshuku Chiriku mwenyewe, kwamba anatafuta sababu ya kununuliwa kitu kingine. Akamshuku mpangaji wa chumba cha uani, akabadilisha kitasa. Akanishuku hata mimi, niliyekuwa sijatia mguu pale tangu mwezi uliopita. Mwishowe akategesha. Alichukua uzi mweusi wa cherehani, akaushona kuzunguka mfuniko kwa fundo lake la siri, lile analofungia pindo za gauni za wateja wasumbufu, akafunga nyumba, akaenda kazini na Chiriku.

Waliporudi kabla ya adhuhuri, uzi haukuwa umekatwa. Ulikuwa umefunguliwa. Ulikuwa kando ya kikapu, umeviringwa kwa umbo la nane, kama unavyoviringwa kwenye vidole viwili. Katika ukoo wetu alikuwa mtu mmoja tu aliyeviringa uzi hivyo. Mama yangu, ndiye aliyemfundisha mama mdogo kushona.

Ndipo akanipigia simu.

"Njoo," akasema. "Usiniulize."

Nilipofika alinivuta jikoni, akanieleza yote kwa kunong'ona, kuanzia kisiwani. Alipofika kwenye jina, aliangalia chini.

"Nilidhani marehemu hadhuriki," akasema.

"Na sisi je?"

Niseme ukweli, sikuamini. Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Kilichonishtua ni Chiriku. Tulikaa mezani, tukapakua, tukala hadi nusu ya sahani, na yule mtoto hajasema neno. Nikamtania kwamba leo chiriku kameza ulimi. Akatabasamu kidogo tu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, yule mama wa mchana umeshampa kitu chake?"

"Mama yupi?"

"Anayekuja ukiwa kazini. Anapiga hodi, anauliza, kimefika? Mimi namwambia mama hayupo. Basi anakaa hapo barazani, tunaongea kupitia dirishani."

Kijiko cha mama mdogo kikatulia hewani.

"Yukoje?" nikauliza mimi.

"Mwembamba. Ana kovu hapa kidevuni, limepinda kama mwezi mchanga. Anaongea kama mama, ila polepole." Akafikiri. "Jana alisema kama mama anaona tabu, nimpe mimi, halafu nimsindikize kwao."

"Ukamwambiaje?" Mama mdogo alikuwa ananong'ona tena.

"Nikamwambia kesho."

"Kwao ni wapi?"

"Hakusema. Alisema si mbali."

Kovu lile mama alilipata kwa pasi ya mkaa akiwa msichana. Hatuna picha inayolionyesha. Kila alipopigwa picha aliinamisha uso.

Hiyo kesho yenyewe ndiyo ilikuwa siku hiyo hiyo. Tulimpeleka Chiriku kwa jirani, tukamwachia jirani maneno makali kwamba asimtoe hata akiitwa na nani. Nikashauri tukichome kikapu, au tukakitupe. Mama mdogo akatikisa kichwa.

"Nimemwita kwa mdomo wangu mwenyewe. Kitu cha mtu hakichomwi."

Tukakaa sebuleni. Jua lilikuwa kali, mtaa umelala. Feni inazunguka. Kikapu kiko mapajani mwa mama mdogo, naye amekishika kama anayeshika sufuria ya moto. Nilikuwa nataka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nimeshakitafuta, nakumbuka, kilikuwa kwenye ulimi.

"Hodi."

Sauti ya kawaida. Si ya kaburini. Sauti ya mtu aliyetembea juani na anayetaka kivuli.

"Hodi wenyewe."

Miaka yote ile nilidhani nimeisahau sauti ya mama yangu. Sikuwa nimeisahau. Mama mdogo akanisukuma nyuma ya mlango, mgongo wangu ukagusa ukuta. Hakusema karibu. Alitengua komeo. Akafungua upana wa mkono tu. Mimi sikuona nje. Niliona mwanga sakafuni, mstari mwembamba, na ndani ya mstari ule hapakuwa na kivuli cha mtu.

Akanyoosha kikapu nje.

Kikachukuliwa. Niliona mkono wa mama mdogo ukiinuka kidogo, kama unavyoinuka uzito ukitoka.

"Ahsante, mdogo wangu. Umechagua rangi nzuri."

Mama mdogo machozi yalikuwa yanamshuka hadi shingoni. Hakuyafuta.

"Haya, dada."

Nikadhani ameondoka. Kisha, karibu zaidi, upande wa pili wa ubao wa mlango uliokuwa mbele ya uso wangu:

"Na mwanangu, yupo?"

Nilitaka kusema nipo. Sikuwaza Chiriku wala kisiwa. Nilikuwa mtoto, mama yangu ameniuliza. Mdomo ukafunguka. Mama mdogo akaubana kwa kiganja chake, kwa nguvu, kikinuka mafuta ya cherehani, na macho yake hayakutoka kwenye uwazi wa mlango.

"Hayupo," akasema.

"Anaonekana hapa?"

"Haji siku hizi. Hatujui anakaa wapi."

"Basi. Mwambie nilikuja."

Hatukusikia hatua. Tulisikia tu jogoo wa jirani akianza kuwika, ndipo tukajua kwamba muda wote ule hakuna ndege wala mtu aliyetoa sauti mtaani. Mama mdogo akafunga komeo. Akakaa sakafuni hapo hapo. Chiriku aliporudi alikuwa anaongea tangu getini, hana breki, na hakumuulizia yule mama, wala kikapu, hata mara moja. Ni kama hakuwahi kukiona.

Nilirudi kwangu kabla ya giza. Nimepanga chumba kimoja ng'ambo ya mji, dirisha lina nondo, mlango una kufuli na ufunguo ninao mimi peke yangu. Kufuli lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Mwenye nyumba alikuwa ameshinda nje anapepeta mchele. Nikamuuliza. Hakuona mtu.

Ndani kila kitu mahali pake. Shati langu la kazini lilikuwa kwenye msumari, lile lililochanika mfuko tangu wiki jana, na ambalo sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote.

Mfuko ulikuwa umeshonwa.

Nikalisogeza dirishani. Mishono midogo, imelala sawa, ya mkono. Nikafuata uzi kwa kidole hadi mwisho wake. Ncha haikukatwa kwa mkasi. Ilikuwa imeng'atwa kwa meno, na ilikuwa bado ina mate.