Jina la Mtoto wa Kwanza

Yudith aliishi Makole, mjini Dodoma. Kila asubuhi alifagia uwanja, akachemsha chai, kisha akaanika majani ya mlenda juani. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilipopiga honi, mikono yake ilisimama. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha, ndipo akaendelea na kazi.

Zamani majirani walimwita Mama Henry, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Henry alikwenda Dar es Salaam kuuza mitumba, kama vijana wengi wa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa. Huko akaanza kuvuta unga, yaani heroini. Alirudi nyumbani amekonda, akauza redio ya baba yake. Yotham, mume wa Yudith, akamfukuza. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani, "Kuanzia leo huyu ni Mama Ritha. Na mimi ni Baba Ritha."

Majirani walitii. Nani angebishana na Yotham? Hata mbuzi wake walimwogopa. Lakini Yudith alipoitwa Mama Ritha, aliitika kwa kuchelewa. Ritha alikuwa binti yake mpendwa, wala hakuwa na kosa. Ila Yudith alimkumbuka sana Henry. Alitamani hata kumgombeza kwa kuacha viatu mlangoni. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka 1998 Ritha, msichana wa miaka kumi na saba, alianguka na baiskeli akavunjika paja. Alifanyiwa upasuaji hospitalini, na wazazi wake wakakaa kando ya kitanda. Daktari alisema angehitaji dawa kali ya maumivu. Nesi Violeth akaja na faili.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Kabla ya dawa nina swali. Katika ukoo wenu, kuna mtu aliyewahi kushindwa kuacha pombe au dawa za kulevya?"

"Hakuna," Yotham alijibu upesi.

"Watoto mnao wangapi?"

"Mmoja. Huyu hapa."

Ritha alikuwa ameuma shuka kwa maumivu. Yudith alimtazama. Aliona kwamba akinyamaza, anaweza kumpoteza na huyu.

"Yupo, nesi," alisema. "Mwanangu Henry anavuta unga. Na baba mkwe alikufa kwa pombe."

"Yudith, unatuvua nguo mbele za watu," Yotham alisema.

Violeth alivuta kiti akaketi. "Hapana baba. Mama amenisaidia. Dawa hii kali na ule unga ni za jamii moja. Miili ya baadhi ya watu hunaswa nazo kwa urahisi zaidi. Sehemu ya hali hiyo hurithiwa, kama vile watoto wanavyorithi urefu."

"Kwa hiyo Ritha naye atakuwa kama kaka yake?" Yudith aliuliza.

"Si lazima, mama. Hakuna kitu kimoja katika damu kinachoamua. Ni vitu vidogo vingi, halafu huchanganyika na maisha yenyewe: marafiki, upweke, majonzi. Kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Kuna watoto wa walevi ambao hawajawahi kulewa. Na kuna walionaswa ambao hawana ndugu yeyote wa namna hiyo."

"Basi msimpe hiyo dawa," Yotham alisema.

"Baba, mfupa umevunjika. Kumwacha aumie si kumlinda. Tutampa kwa kipimo, siku chache tu. Kisha tutambadilishia dawa za kawaida. Nyumbani, vidonge atunze mama, asitunze mgonjwa. Vikibaki, mvirudishe hapa."

"Mimi pia nilikunywa sana," Yotham alisema. "Niliacha Henry alipozaliwa. Nilidhani yeye ni mkaidi tu."

"Ulipoacha, nani alikusaidia?"

"Huyu mke wangu. Niliirudia pombe mara nyingi. Alinisubiri."

"Na Henry, anasubiriwa na nani?"

Yudith alilia waziwazi, bila kuficha uso kwa kanga.

Ritha aliruhusiwa kurudi nyumbani. Yudith alifungia vidonge vyake ndani ya sanduku la kanga, akampa kama ilivyoandikwa. Maumivu yalipungua. Vilibaki vidonge vinne, na Yotham mwenyewe akavirudisha hospitali. Zabibu zilipoiva, Ritha alitembea bila magongo.

Lakini kabla ya hapo Yotham alikuwa ameandika barua. Aliituma kupitia mchuuzi mmoja aliyemfahamu Henry. Ilikuwa fupi, kwa maana Yotham hakuzoea kuomba: "Mwanangu, rudi. Unaumwa. Mimi niliumwa kabla yako. Mama yako anasikiliza treni."

Treni nyingi zilipita. Yudith alianza kwenda mwenyewe stesheni, akasimama pale mpaka abiria wa mwisho aondoke. Siku moja abiria wa mwisho alikuwa Henry. Alikuwa mwembamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani."

Kesho yake Yudith, Yotham na Henry walikwenda hospitali. Violeth aliwaona mlangoni. "Karibu, Mama Ritha," alisema.

"Mama Henry," Yotham alimsahihisha. "Na huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza. Amekuja kutibiwa. Lile swali lako la ukoo, andika kwenye faili yake: babu yake, na mimi baba yake."

Violeth aliandika. Kisha akainua uso. "Karibu, Mama Henry."

Yudith aliitika mara moja.