Shafti ya Lori la Kaka

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwanza kwamba hii mikono ni ya fundi. Shule niliiacha darasa la sita, nayo haikunililia. Lakini niletee lori lililokufa asubuhi, jioni unaondoka nalo likiunguruma. Mtaa mzima unajua. Kama hujui, umehamia juzi.

Jioni hiyo Baba alinikuta nimekaa mlangoni mwa jiko. Jua lilikuwa linazama.

"Ile shafti ya usukani umeshaifunga?"

"Bado, Baba."

"Ifunge leo. Kesho alfajiri nampeleka yule mwanamke kwao."

Yule mwanamke ni shemeji yangu, mke wa kaka. Kaka tulimzika mwezi uliopita. Lori lilimshinda kwenye mteremko, likaingia korongoni, usukani ukamvunja kifua. Mama akasema kifo kile kina mkono wa mtu. Mkewe kamroga, maana asubuhi ya safari alimwambia, "Leo usiende." Alijuaje, kama hakupanga yeye? Ikatosha. Hukumu ilipitishwa sebuleni, mimi nipo hapo hapo, nakula.



Nikabeba spana na shafti mpya, nikaenda uani. Lori lile lile, lililovutwa kutoka korongoni, lilikuwa limeegeshwa ukutani, mlango umebonyea, kimya. Shafti ya usukani ni chuma kinachounganisha usukani na boksi la chini linalogeuza magurudumu. Ina meno kila ncha. Meno yakilika, usukani unacheza: unakata kushoto, gurudumu linafikiria kwanza. Kuifunga kunataka watu wawili. Mmoja analala chini, mwingine anakaa kwenye kebini ameshika usukani. Wa chini anasema "kushoto kidogo," wa juu anasogeza, mpaka meno yaingiane. Wa juu siku zote alikuwa kaka. Akishasogeza anagonga sakafu kwa kisigino.

Ko.

Safari hii nilikuwa peke yangu. Nikafunga usukani kwa kamba, nikaingia chini. Bolti ya juu ikatoka. Ya chini ikatoka. Nikavuta shafti ya zamani, na kifuani kwangu kikadondoka kile nilichojua kitadondoka.

Kipande cha bati.

Nilikikata mwenyewe kutoka kwenye kopo la rangi. Siku mbili kabla ya safari ile kaka aliniambia, "Profesa, usukani unacheza. Badilisha shafti." Profesa ni jina alilonipa kwa heshima ya darasa langu la sita. Nikamjibu, "Kaka, hiyo naibana kwa bati, inakwenda mwaka mzima." Nilikuwa na haraka, nawahi mpira. Nikachomeka bati kwenye meno. Usukani ukatulia. Akanipiga begani, akacheka.

Ulitulia siku mbili.

Sasa nimelala chini, nashindana na shafti mpya, haitaki kuingia. Giza limeanza kujaa chini ya lori. Kwa mazoea tu, maneno yakanitoka:

"Kushoto kidogo."

Ile ncha ya usukani juu ya uso wangu ikazunguka kushoto.

Kidogo.

Ko.

Nikaganda. Siti ya kebini ikalia, kama inavyolia akikaa mtu mzito. Halafu harufu... tangawizi mbichi. Kaka alikuwa anaitafuna njiani ili asisinzie.

"Nani huko juu?"



Kisha ncha ikaanza tena. Polepole, kushoto mpaka mwisho. Kulia mpaka mwisho. Kushoto. Kulia. Kwa kasi, kwa kasi zaidi, kama mtu anayepigana na lori lisilomsikia. Halafu ikasimama. Tone likanidondokea mdomoni. Nilidhani oili.

Chumvi.

"Kaka," nikanong'ona. "Nisamehe."

Sauti ikashuka, nyembamba, karibu kabisa na sikio langu. Haikuwa na hasira hata chembe. Ingekuwa na hasira ningekimbia.

"Waambie, Profesa. Mke wangu hana kosa."

Shafti ikaingia yenyewe mkononi mwangu, laini kama iliyopakwa sabuni.

Bolti nilizikaza sijui vipi. Nilipopanda kwenye kebini hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa juu ya siti, imekunjwa vizuri. Fundo lake sikulifungua mimi.

Nikaenda sebuleni, nikaweka bati mezani mbele ya Baba na Mama, nikasema yote. Bati. Mpira. Hata ya kwenye kebini. Nililia, mimi huyu ninayewacheka wenzangu wakilia.

Mama hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alinifuta uso kwa upindo wa nguo yake, akamgeukia Baba.

"Umeona? Kammaliza mkubwa, sasa kaingia kichwani mwa mdogo. Mpaka anajibebesha kifo cha ndugu yake."

"Mama, ni bati. Liangalie."

"Nyamaza, mwanangu. Si wewe unayesema."

Baba alilichukua lile bati, akalisogeza kwenye taa. Ameendesha malori tangu sijazaliwa. Alilitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye alama za meno. Kisha akalitia mfukoni.

"Saa kumi na moja tunaondoka," akasema.

Alfajiri nilimbebea shemeji mabegi yake mawili na godoro. Nilipompandisha kwenye kebini akaniinamia sikioni.

"Shemeji, jana nilisikia akigonga."

"Na wewe ulisikia?"

"Kila jioni nasikia. Usiwaambie, watanimaliza."

Nilitaka kumwambia abaki. Nilitaka kulala mbele ya magurudumu. Nikafunga mlango, kwa nguvu, maana umebonyea na haushiki vizuri.

Baba alirudi jioni peke yake. Akazima injini, akashuka, akasimama kitambo ameshika mlango.

"Usukani mwepesi," akasema. "Mwepesi mno. Kona nyingine unakata kabla sijakata."

Kisha akanipa mkono mbele ya majirani, akawaambia kwamba kijana wake ni fundi kweli. Maneno hayo niliyasubiri tangu niache shule.

Aliyasema akitazama chini.