Ugonjwa wa Gari la Yeslam

Alhamisi, saa tisa alasiri

Yeslam alichora kwa mkaa juu ya ubao wa kasha la machungwa. Mstari mrefu: Ndia Kuu. Mstari mfupi ulioukata: kichochoro cha ghala. Msalaba: mlango.

"Kesho, saa saba kasorobo, mtaa wote wa Kibokoni uko msikitini," alisema. "Ghalani kuna mlinzi mmoja tu, mzee Masha. Makasha mawili ya saa za mkononi yametoka bandarini Kilindini jana, yatalala pale mpaka Jumatatu. Taib atabisha hodi. Masha amjua. Atafungua."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la viazi, hatua chache kutoka Marikiti. Kilinuka magunia na vitunguu vilivyooza. Ndani mlikuwa na wanaume wanne na dirisha moja, nalo limepigwa misumari.

Yeslam aliongea kwa upole siku zote, na upole huo ndio uliowatia watu baridi. Dishon, mtu wa bara, shingo kama gogo, alikuwa ameendesha malori ya bandarini miaka sita. Taib alikuwa karani wa ghala lenyewe. Wa nne alikuwa Gharib, fundi wa magari, aliyefukuzwa gereji mwezi wa tatu kwa kusingiziwa wizi wa vipuri. Ule hakuufanya. Huu wa kesho ndio ungekuwa wa kwanza.

Aliyemleta ni Taib. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachapwa bakora moja. Taib aliwaambia wenzake, "Huyu dhamana yake ni mimi," na maneno yakaishia hapo.

"Dishon ataendesha," Yeslam aliendelea. "Gharib atasimama kona ya kichochoro. Akiona askari, apige mluzi. Tukitoka twamchukua, twavuka daraja la Makupa, tuko Changamwe kabla watu hawajatoa salamu ya mwisho."

"Na gari?" Dishon aliuliza.

Macho yote yalimgeukia Gharib.

Gari lilikuwa uani, la Kiingereza, rangi ya majivu. Tangu Jumanne lilikuwa na ugonjwa. Asubuhi likiwashwa, lawaka mara ya kwanza. Likishakwenda na kupata moto, lakohoa mara moja na kuzimika. Hapo zungusha stata mpaka betri ilie, halitaki. Liache nusu saa lipoe, lawaka tena kama si lenyewe.

"Nimelinunua zima," Yeslam alisema taratibu. "Limeanza kuugua siku ile ulipotia mkono weye."

"Gari lolote huugua."

"Haya. Nakupa mpaka magharibi. Nataka kujua gari lina nini, na fundi naye ana nini."

Saa kumi na dakika tano

Gharib alifungua boneti, akawasha injini, akaliacha gari lingurume juani. Hakugusa kitu. Ugonjwa wa namna hii haupimwi gari likiwa limepoa. Wapimwa ukiwa umekuja. Alichuchumaa kivulini akaangalia saa yake.

Dakika ya ishirini na mbili gari lilikohoa, likazima.

Akaruka. Injini yataka vitu viwili tu, petroli na moto, na kimoja kilikuwa kimetoroka. Akalegeza mrija wa kabureta, akapiga stata. Petroli ikamrukia mkononi, safi, bila povu. Basi si petroli. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akapiga stata tena. Hakuna kitu. Asubuhi, gari likiwa baridi, cheche iliruka pale buluu, yenye sauti. Sasa hata ya kuwashia kiberiti haikuwapo.

Akaweka kiganja juu ya koili, kile kikopo kinachozipa plagi cheche. Akakiondoa upesi, ilikuwa inaunguza kama sufuria.

Akachovya kitambaa katika ndoo, akaizungushia. Akakichovya tena, na tena. Alipopiga stata mara ya tatu, cheche iliruka buluu kutoka kwenye waya.

Koili. Nyaya zake za ndani zilikuwa zimechoka. Zikipata joto zakata, zikipoa zashikana. Koili mpya ilipatikana dukani, na kuifunga ilikuwa kazi ya nusu saa. Gharib alijifuta mikono akitabasamu peke yake. Siku nyingi alikuwa hajasikia raha ya kazi kama ile. Akaenda kuwaambia.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani ilisikika sauti ya Yeslam, ya upole.

"Gari likishapona, fundi wa nini? Mtu wa nne ni mdomo wa nne."

Ikajibu sauti ya Taib.

"Nimekufahamu."

Basi.

Gharib alisimama na kitambaa kibichi mkononi. Alingoja Taib aseme jambo jingine. Alichosikia ni kiti kikisogezwa. Akarudi nyuma hatua tatu, akakohoa, akaingia kwa kishindo.

"Nimeupata ugonjwa," alisema. "Ni petroli. Mrija wapita karibu na ekzosi. Ukipata moto, petroli yachemka ndani, yawa mvuke, haifiki."

"Utalitengeneza?" Yeslam aliuliza.

"Mrija mwingine hautapatikana kabla ya kesho. Lakini dawa yake naijua. Likizima, nipeni dakika tatu, lawaka. Pasipo mimi, litalala pale pale."

Yeslam alimtazama muda mrefu. "Mfunze Dishon hiyo dawa."

Wakatoka uani, wakaliwasha gari mpaka likapata moto, likazimika tena. Gharib alimwonyesha Dishon mrija wa petroli, akauvika kitambaa kibichi, akamwambia aushike kwa nguvu. Dishon akainamia mrija wake. Mkono wa pili wa Gharib, wenye kitambaa kingine, ulikuwa juu ya koili. Gari likawaka.

"Kumbe ni kitu kidogo," Dishon alisema. Hata hivyo macho yake yalibaki kwenye mikono ya Gharib, kama mtu aliyeona karata ikipita asijue imepitia wapi.

Magharibi, Taib alimfuata hadi njiani.

"Kweli ni petroli?"

"Huniamini?"

"Nakuamini." Taib aliangalia nyuma, kisha akateremsha sauti. "Sikiza. Kesho usitoke pale kona. Hata iweje, usitoke. Wanifahamu?"

"Nakufahamu," alisema Gharib.

Usiku alilala akiyageuza maneno yale. Kwa nini asitoke? Mtu huambiwa asiondoke mahali pale anapotakiwa akutwe.

Ijumaa, saa saba kasorobo mchana

Adhana ilikuwa imekwisha. Milango ya Kibokoni ilifungwa, baraza zilikuwa tupu, jua limesimama juu ya vichwa. Gharib alisimama kona, mgongo ukutani, kanzu imemganda.

Gari lilikuwa limeegeshwa kichochoroni, kivulini, tangu saa nne, baridi. Aliyapiga mahesabu yake. Kutoka pale mpaka Changamwe ni dakika kumi na tano. Gari lina ishirini na mbili. Wakienda moja kwa moja watafika, na hawatamhitaji. Hilo alilijua yeye tu. Wao, hata baada ya Dishon kufunzwa dawa, hawakuwa na hakika ya kuvuka Makupa bila fundi, na hofu hiyo ndiyo aliyoishikilia.

Aliwaona wakiingia kichochoroni. Taib alibisha, mlango ukafunguka. Dishon alibaki kwenye usukani, akawasha injini.

Dakika moja. Mbili. Nne.

Risasi ililia mara moja. Njiwa waliruka kutoka kwenye mapaa. Mwanamke akafungua dirisha la juu, akalifunga.

Yeslam na Taib walitoka mbio, kila mmoja na kasha. Mkono wa shati la Taib ulikuwa mwekundu mpaka kiwikoni. Wakati huohuo mkokoteni wa maji ulijitokeza upande wa Gharib, mwenyewe akauacha katikati ya njia akakimbia. Njia ikaziba. Dishon alirudisha gari nyuma, akageuza, akaondoka kwa upande wa pili. Gharib aliona taa za nyuma zikiishia kuelekea Ngomeni.

Hawakugeuza hata shingo.

Alisimama. Usitoke, hata iweje. Sauti za watu zilianza kusikika kutoka vichochoroni. Mtu alipiga ukelele kwamba Masha amepigwa risasi ya paja. Dakika tano nzima Gharib alisimama pale kama nguzo, naye akijiona mwenyewe anavyoonekana: mtu wa pekee, mgeni kwenye kona, asiye msikitini.

Ndipo alipojiambia kwamba ameuzwa, tena na Taib. Akajifunga kilemba vizuri, akaingia vichochoroni. Hakukimbia.

Saa saba na dakika kumi

Marikiti ilikuwa imejaa. Gharib alipita katikati ya mafungu ya ndizi, akiwaza kumpata mtu wa kumvusha maji mpaka Likoni. Hapo akasikia stata.

Fundi huijua sauti ya gari alilolishika. Stata ilizunguka, ikazunguka, ikachoka. Akajibanza nyuma ya mkungu wa ndizi, akachungulia.

Gari la rangi ya majivu lilikuwa limesimama mbele ya soko, boneti wazi. Yeslam alikaa nyuma, shuka limefunika makasha. Dishon alikuwa ameinama, anaukamua mrija wa petroli kwa kitambaa kibichi. Taib alisimama karibu naye na kopo la maji, amekunja mkono wa shati kuficha damu isiyo yake.

Kati yao na Gharib palikuwa na hatua kumi.

"Nimeshika mrija mpaka mkono unaniuma," Dishon alisema. "Haliwaki. Saa hii ningekuwa nimevuka Makupa. Wewe ndiye uliyesema turudi. Mara mbili tumezunguka Ndia Kuu. Mara mbili! Fundi, fundi. Yuko wapi huyo fundi?"

"Nlimwambia asitoke," alisema Taib. Sauti ilikuwa imemkauka. "Labda wamemshika. Nlimwahidi nafsini mwangu siondoki bila yeye."

Yeslam alizungumza kutoka ndani ya gari, kwa upole uleule. "Jana nlikwambia tumwache, ukaniambia umenifahamu. Leo wanigeuzia gari nyuma. Amekuuza, Taib."

"Hawezi."

Gharib aliyakumbuka maneno ya nyuma ya mlango. Nimekufahamu. Mtu aweza kumfahamu mwenzake na asimkubalie. Jambo hilo hakulifikiria hata mara moja, usiku mzima.

Dakika tatu tu. Kitambaa kile kile, shibri moja pembeni, juu ya koili. Alivuta mguu mmoja mbele. Akaona kofia za askari, mbili, kisha nne, zikipasua watu kutoka upande wa Barabara ya Salim, na mguu ukarudi.

Dishon alikimbia, mahamali wakamwangusha kabla hajafika kwenye magunia. Yeslam aliteremka mikono juu, ameiacha bastola kitini. Taib hakukimbia. Alibaki na kopo lake la maji, na alipoinua macho aliyaona ya Gharib kati ya ndizi.

Walitazamana.

"Mko wangapi?" askari alimuuliza, akimtikisa.

Taib aliangalia chini. "Watatu," alisema.

Saa nane mchana

Mwanaesha, mke wa Taib, alikuwa ukumbini. Wali umefunikwa kawa, maji ya kunawa yako tayari.

"Karibu shemeji. Mwenzio yuko wapi?"

Gharib alishindwa kukaa. Akamwambia: wameshikwa Marikiti, wote watatu.

Mwanaesha hakulia. Alimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kama mtu akaguaye nguo ya mtumba.

"Na weye umetokaje?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari ulimini, na ulikuwa mzuri. Badala yake alimweleza yote, tangu koili mpaka kona, tangu mlango uliorudishwa mpaka mkungu wa ndizi. Mwanaesha alisikiliza bila kumkata. Alipomaliza, aliuliza mambo mawili tu.

"Alikwambia usitoke?"

"Aliniambia."

"Naye akarudi mara mbili?"

"Mara mbili."

Aliingia chumbani. Aliporudi alikuwa amejitanda buibui.

"Tangulia," alisema.

"Wapi?"

"Wapajua."

Gharib alitangulia. Watu waliotoka kuswali walikuwa wamejaa barazani, wakizungumza habari ya risasi. Wengine walimsalimu, naye aliwajibu. Kila alipokata kona alisikia viatu vya Mwanaesha nyuma yake, hatua kumi, havikaribii wala haviachi. Hakuwa amemwamini kwamba angefika peke yake. Gharib naye hakuwa na hakika.

Kwenye kituo cha polisi aligeuka mlangoni. Bado Mwanaesha alikuwa amesimama, ng'ambo ya barabara, juani. Gharib akaingia, akamwambia askari wa kaunta jina lake na jina la baba yake, na alichokuja kusema.

Jumamosi, saa tatu asubuhi

Waliwapeleka mahakamani ndani ya gari moja la polisi. Yeslam na Dishon walikaa mbele, pingu zimewaunganisha. Dishon alikuwa ametema mate alipomwona Gharib akipandishwa. Mzee Masha, walisikia, yuko hospitali na atapona, ila mguu hautakuwa kama zamani.

Taib alikaa ubavuni mwa Gharib. Mabega yao yaligongana kila gari lilipoingia shimoni. Walipokaribia kufika alimwinamia.

"Lile gari," aliuliza, "lilikuwa na nini hasa?"

"Koili."

"Kuibadilisha ni kazi ya muda gani?"

Gharib aliangalia pingu zake.

"Nusu saa," alisema.

Taib alitikisa kichwa polepole, kisha akageukia kidirisha cha waya. Gari lilisimama, mlango ukafunguliwa, wakaitwa mmoja mmoja kushuka.