Kamba ya Ziada

Jumanne ya wiki ya mwisho ya mvua, saa nne asubuhi, dada yangu alifika kwenye geti la bustani akiwa na kamba moja zaidi ya mbwa aliotoka nao.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Dada yangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alikuwa akitembeza mbwa wa watu. Wenye mbwa hushinda ofisini. Yeye alichukua funguo kwa walinzi wa magorofa, akawatoa mbwa, akawapitisha bustanini na kufuata njia ya miguu kando ya mfereji hadi chini ya daraja la reli, kisha akarudi nao. Mfereji ule unakatiza jiji zima. Watu hukimbia kando yake, husukuma watoto kwenye vigari, hula mkate kwenye mabenchi. Maji yake yanamfika mtu mzima kiunoni.

Mama hakuizoea kazi hiyo. "Nimesomesha mtoto," alikuwa akisema, "kaja kufuata mikia." Lakini ndiye aliyemshonea mkanda wa kazi, mpana, wa turubai, wenye pete za chuma za kupachikia kamba ili mikono ibaki huru. Kwenye mkanda huo alifunga kitambaa cha buluu. Ndivyo alivyo mama. Mwavuli, begi, hata mpini wa ufagio, kila kilicho chake au cha wanawe alikitia kitambaa cha buluu ili kisipotee.

Watembeza mbwa wa bustani ile wana miiko yao. Mkongwe wao ni mwanamke wanayemwita Mama Watatu, kwa sababu ya mbwa wake, si watoto. Siku ya kwanza alimwambia Kitinda: "Ukimkuta mbwa ana kamba na hana mtu, mshike mkononi, mlete hapa benchini, mfunge. Mwenyewe atamkuta. Usije ukampachika kwenye mkanda."

"Kwa nini?"

"Mkono unaachia, mwanangu. Kiuno hakiachii."

Kitinda alidhani anaonywa asije akavutwa akaanguka. Lilikuwa onyo la maana hata kwa tafsiri hiyo.

Jumanne ile alikuwa na mbwa wawili. Mmoja anaitwa Karani, kwa sababu hunusa kila nguzo kama anayekagua mafaili. Mwingine ni Biskuti, mnene, mfupi wa miguu. Chini ya daraja Biskuti alikanyaga chupa. Kitinda akamfunga mguu kwa leso, akambeba. Alipoinuka akaona mbwa mweusi ameketi kwenye ngazi ya mwisho ya kushukia majini. Alikuwa amempa mgongo. Alikuwa amelowa. Kamba yake ya ngozi ilikuwa imelala kwenye ngazi.

Alimwita. Mbwa hakugeuka. Aliishika ncha ya kamba, na mbwa akasimama akamfuata kwa nyuma.

Biskuti ni mzito, damu ilikuwa inapenya leso, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kitinda alipachika kulabu ya ile kamba kwenye pete ya mkanda.

Aliniambia kuwa Karani hakumnusa yule mbwa.

Njia nzima alihisi uzito nyuma yake, kama wa mbwa asiye na haraka. Getini mlinzi alimsaidia kumshusha Biskuti, akauliza kamba ya tatu ni ya nani.

"Ya huyu mweusi. Nimemkuta darajani."

"Mweusi yupi? Umekuja na hawa wawili."

Akageuka. Kamba ilikuwa imelala chini. Kola ilikuwa imefungwa hadi tundu la mwisho, na ndani yake hapakuwa na shingo. Ilikuwa inadondosha maji.

Kulabu haikufunguka. Alijaribu yeye akashindwa, mlinzi alikuwa ameitwa kwenye gari, akaenda nayo nyumbani hivyo hivyo. Mama alicheka. "Wenzako huiba mbwa, wewe umeiba kamba." Kitinda akavua mkanda wote akautundika nyuma ya mlango wa jikoni. Asubuhi yake palikuwa na dimbwi chini ya mkanda.

Saa nne siku hiyo alikuwa amesimama jikoni na kikombe cha chai. Mama aliyekuwa anapepeta mchele aliniambia aliinamisha uso, akauinua, na mkanda ulikuwa kiunoni mwa Kitinda. Kikombe kilikuwa bado mkononi. Kisha Kitinda akatoka, akitembea kama mtu anayevutwa na mbwa mkubwa, kiwiliwili nyuma, miguu mbele. Alifika getini, mvuto ukakoma, akarudi. Alhamisi alifika kwenye mabenchi. Ijumaa alifika darajani.

Mama alinipigia simu Ijumaa jioni, nikaja usiku ule ule. Yaliyotangulia nimeambiwa na wao wawili na mlinzi. Kuanzia hapo niliyaona mwenyewe.

Jumamosi nilifunga mlango kwa ufunguo nikautia mfukoni. Tulikaa sebuleni watatu. Kitinda alikuwa amejifunika shuka, kiunoni hakuna kitu, mkanda uko nyuma ya mlango wa jikoni. Niliutazama nikauona uko pale. Alikohoa. Nikamgeukia. Shuka lilikuwa limeinuka kiunoni.

Kamba ilitoka chini ya shuka. Ilikuwa imenyooka hadi mlangoni, imekazwa, haigusi sakafu. Kola ilikuwa mahali mlango unapokutana na kizingiti. Ilitikisika kidogo, kama mbwa anayesubiri kufunguliwa.

"Kaka," Kitinda alinong'ona, "nifungulie. Inaniumiza."

Sikufungua. Alivutwa kutoka kwenye kochi akaenda kubanwa na mlango. Shavu lake lilikuwa kwenye mbao. Alishindwa kuvuta pumzi. Nilimshika mabegani nikavuta, na nilichokuwa nakivuta ni mwanadamu aliyekwama katikati ya nguvu mbili. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mfungulie. Atakufa hapo hapo."

Nikafungua. Nikaenda naye, nimemshika mkono.

Ilikuwa siku ya jua. Njia ya mfereji ilikuwa imejaa. Baba mmoja alikuwa anamfundisha mwanawe baiskeli. Vijana wawili walitupisha, mmoja akasema, "Shangazi, mbwa wako yuko wapi?" mwenzake akacheka. Mama Watatu alikuwa anakuja upande wa pili. Mbwa wake watatu walilala chini, wakaweka midomo kwenye majani. Aliiangalia kamba.

"Ulimfunga kiunoni," alisema.

"Mikono ilijaa, mama."

Nilimuuliza tufanye nini. "Mimi najua kuwa hafungwi," alijibu. "Aliyenifundisha hakunifundisha zaidi ya hapo." Akawavuta mbwa wake wakaenda. Hawakugeuka nyuma, hata yeye.

Chini ya daraja Kitinda alianza kushuka ngazi. Maji yalimfika kwenye vifundo, kisha magotini. Nilimkumbatia kwa nyuma. Visigino vyangu viliteleza. Mbele yetu kamba ilikuwa imeingia majini, na pale ilipoingia maji hayakutikisika.

Nikaishika kamba.

Kitinda alinyooka papo hapo. "Nimepumua," alisema. Bega langu likavutwa hadi nikasikia mfupa. Kwa mkono wa pili nilibonyeza kulabu, ile iliyokataa, na ikafunguka kama kulabu yoyote. Sasa kamba ilikuwa mkononi mwangu peke yake, na mimi nilikuwa nakwenda. Nilitaka kuiachia. Vidole vilifumbuka, na kwa kitambo hicho kidogo kulabu ikarudi yenyewe kwenye pete yake, ikalia.

Mvuto ukakoma. Ilikuwa kama kila siku, imemfikisha inapotaka kwa siku hiyo. Tulipanda ngazi tukiwa tumelowa. Kitinda hakulia. Aliniuliza kesho maji yatamfika wapi.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alisikiliza huku anakunja nguo.

"Kwako ilifunguka?"

"Ilifunguka."

"Kwake haifunguki."

"Haifunguki. Lakini nilipoiachia ilirudi kwake. Haikupata pengine pa kukaa."

Akaendelea kukunja nguo. Baadaye akaenda chumbani, nikasikia cherehani. Nilidhani anajituliza; mama akiwa na wazo zito hushona. Alishona hadi chakula cha jioni, akatupakulia, akamlisha Kitinda kwa mkono wake kama mtoto mdogo. "Kula, kitinda changu. Umekonda kama uzi." Alimtania kuhusu mchumba fulani wa zamani aliyekuwa anaogopa paka. Kitinda alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki hiyo.

Mpango wangu ulikuwa huu: kabla ya saa nne tumpakie Kitinda kwenye gari la rafiki yangu, tuliache jiji. Niliusema mezani. Mama akasema ni wazo zuri.

Nililala kwenye kiti mlangoni mwa chumba cha Kitinda. Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Kitinda alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Mkanda wake ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mkavu, na kwenye pete zake hapakuwa na kamba.

Kwenye cherehani palikuwa na vipande vya turubai. Mkasi ulikuwa juu ya mabaki ya kitambaa cha buluu.

Ndala za mama hazikuwepo.

Nilikimbia. Mlinzi wa geti anasema mama aliingia muda mfupi baada ya geti kufunguliwa; safari hii kamba haikusubiri saa nne. Alikuwa anatembea ameegemea nyuma. Mlinzi alimwamkia, naye mama akaitikia bila kumtazama. Mlinzi akamtania, "Mama, leo na wewe umeingia kazini? Unamtembeza nani?"

"Wa mwanangu," alisema mama.

Mlinzi anaapa hakuona mbwa. Anasema pia kwamba mama alipopita, kwenye saruji kavu palibaki alama za miguu yake zenye vumbi, na mbele yake alama za miguu minne zenye maji.

Nilimkuta Mama Watatu chini ya daraja. Alikuwa amesimama mbali na ngazi, mbwa wake wamelala. Alisema alimwona mwanamke akishuka taratibu, hakupiga kelele, mkono mmoja ameuweka kiunoni kama anayehakikisha kitu kimekaza. "Nilimwita," alisema. "Akaniashiria ninyamaze."

Ndala zilikuwa kwenye ngazi ya mwisho, zimepangwa sambamba.

Niliingia majini. Yalinifika kiunoni, na chini ni saruji tupu. Nilitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine nikipapasa kwa miguu. Waliitwa wazamiaji, wakatafuta siku mbili. Lango la maji likafungwa, mfereji ukakaushwa kuanzia darajani hadi kwenye wavu unaozuia takataka. Walikuta baiskeli, matairi, simu, mwavuli usio wetu. Mtu hawakumkuta, wala mkanda. Mkuu wa wazamiaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika mama alishuka hapo.

Kitinda haendi tena bustanini. Saa nne ikifika husimama popote alipo, akaweka mkono kiunoni, akasubiri. Hakuna kinachomvuta. Anasema hilo ndilo baya zaidi.

Wenye Karani na Biskuti wamepata mtembezaji mwingine. Njia ya mfereji imejaa kama zamani. Ngazi za chini ya daraja zimewekewa mnyororo, na watu huuruka.

Jumatatu iliyopita, asubuhi, mwanamke mmoja anayekimbia na mbwa wake alisimama getini kutoa taarifa. Chini ya daraja, alisema, kuna mbwa wawili wameketi kwenye ngazi ya mwisho, wamelowa, wana kamba, hawana mtu. Mmoja mweusi. Mwenzake mzee, wa kike, mvi zimemjaa usoni. Aliwaita. Mweusi hakugeuka. Yule mzee aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu, akarudisha uso majini.

Mlinzi alimuuliza kama mbwa hao walikuwa na alama yoyote.

Alisema yule wa kike alikuwa amefungwa kitambaa cha buluu kwenye kola.

Mlinzi alishuka na Mama Watatu kwenda kuangalia. Walikuta ngazi tupu. Sehemu mbili zilikuwa zimelowa.