Akaunti ya Magige

Joram wa Nyamisangura ana degree ya IT, mwaka wa nne sasa inakula vumbi kabatini. Siku hiyo mchana alikuwa mezani kwa mama yake, anamalizia CV ya kuomba ukarani wa data Mugumu. Mwisho wa kutuma ni saa kumi. Si mnazijua hizi kazi: experience miaka mitano, umri usizidi ishirini na tano. Nonsense. Lakini hakuwa na nyingine.

Kalaptop kake alikanunua kwa bei ya kutupa. Windows 7, mfumo ambao wenyewe walishautelekeza, hauletewi update tena. Betri imekufa, ukichomoa waya kanazima. Kakiwaka kanaonyesha akaunti moja tu: Magige. Ndiye aliyekuwa mwenyewe, marehemu mume wa Agustina wa Nkende, mjane aliyemuuzia. Shimo la dhahabu lilimfukia, hajatolewa mpaka leo.

Joram hakuifuta akaunti. Naye nyumbani alipewa jina la babu yake, Magige. Ahangaike ya nini?

"Mura," mama yake, Bhoke, alimwambia akipepeta maharage mlangoni, "Magige wetu ni babu yako. Huyo ana watu wake. Ukikalia jina lake, siku akiitwa utaitika wewe."

"Mama, ni user account tu."

"Haya, msomi."

Saa tisa na nusu screen ikawa bluu. Installing update 1 of 1. Do not turn off.

Update ya nani? Hotspot ya simu hajaiwasha, anabana bando la kutuma CV.

Asilimia thelathini. Akachomoa waya. Hakakuzima.

Asilimia sitini. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Nje jua kali, wiki ya tatu bila mvua.

Asilimia tisini na tisa. Kijitaa cha kamera kikawaka.

"Magige."

Sauti ya kiume, ya chini, kutoka uani.

"Naam," Joram akaitika. Mazoea. Wajomba zake humwita hivyo.

Maharage yakanyamaza kwenye ungo.

"Umemwitikia nani?" mama yake akanong'ona. "Huku hakuna mtu."

Kwenye screen: Welcome, Magige.

CV ilikuwepo, salama. Akachomeka waya, akawasha hotspot, akabonyeza kutuma kwa dole gumba, lile lenye kovu la panga la utotoni. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Wiki mbili baadaye akaitwa interview. Aliwahi kabla ya saa mbili, shati limenyooka. Klementina, dada wa mapokezi, akamtazama kwa mshangao.

"Umesahau nini tena, kaka?"

"Ndiyo nafika, dada. Joram Magige."

"Wewe si umetoka sasa hivi? Umeingia wa kwanza. Wamekupenda, kazi wamekupa. Mpaka nimekuuliza, mbona viatu vimejaa udongo."

"Sijaingia mimi."

Klementina akamgeuzia daftari la mahudhurio. Jina lake peke yake lilikuwa limesainiwa, tena si kwa kalamu. Alama ya dole gumba, udongo mwekundu, bado mbichi. Katikati ya alama ulipita mstari mweupe. Kovu la panga.

Joram akafungua kiganja, taratibu.

Dole gumba lake lilikuwa laini. Halikuwa na kovu.